Lenzi ya Kupanda Nayo: Namna ya Kuchagua Lenzi Nyepesi kwa Kamera ya Filamu Kubwa

Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Kivu, haina tambarare. Ukitoka ufukweni Muhumba kwenda juu Kadutu, au ukitaka kufika pale ambapo rasi za mji zinaonekana zimeingia ziwani kama vidole vya mkono, utapanda. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila hatua unayoyaacha maji inakupeleka juu zaidi. Anayepiga picha kwa simu hajali. Anayepiga kwa kamera ya kukunja, ile yenye mvukuto na kioo cha kutazamia nyuma, inayokula filamu moja moja za inchi 4 kwa 5, huyo anajali sana, maana kila kitu kiko mgongoni mwake.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha pata kamera ya namna hiyo na sasa anatafuta lenzi ya kutembea nayo. Lenzi yangu ya kwanza ndefu ilikuwa ya milimita 300 yenye f/5.6. (Milimita ni urefu wa fokasi: zikizidi, lenzi inavuta zaidi vya mbali. Namba ya f ni ya tundu la mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.) Ilikuwa na kioo kizuri sana, na uzito wa zaidi ya kilo moja. Ilipanda mlima mara nne. Mara ya tano niliiacha nyumbani kwa sababu mabega yalikuwa yanauma, na asubuhi hiyo mvua ya usiku ilikuwa imeosha hewa, vilima vya Idjwi vikaonekana kule mbali kana kwamba vimechongwa. Nilikuwa na lenzi ya 150 tu. Kisiwa kikaingia kwenye kioo kidogo kama punje ya mchele. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza swali moja kwa kila lenzi: uzito huu unanilipa nini kwenye picha yenyewe? Hatua zinazofuata zimetoka kwenye swali hilo.

Hatua ya 1: Pima mzigo wote

Kabla ya kutazama lenzi yoyote, chukua begi lako lililojaa uende kwa mtu mwenye mizani. Mimi nilikwenda kwa mama mmoja anayeuza maharagwe Kadutu. Nilipoiweka kamera kwenye sahani ya mizani yake aliniuliza, "Papa, njo kitu gani hii unapimaka?" Nikamweleza. Akapendezwa, akanisomea tarakimu moja baada ya nyingine huku nikiandika kwenye kipande cha katoni. Kipande hicho bado ninacho.

Kamera ya mbao ya kukunja ina kilo moja na kitu hadi mbili na nusu, kutegemea aina. Stendi ya miguu mitatu inayostahili kuaminiwa ina kilo mbili au zaidi. Kasha la filamu la plastiki, lenye filamu mbili ndani, lina gramu 150 hivi. Kwa hiyo makasha sita yanakaribia kilo nzima. Weka juu yake kipima mwanga, shuka jeusi, maji ya kunywa, na nailoni ya kufunikia vyote mvua inapokuja, nayo huku inakuja bila kubisha hodi.

Sasa linganisha. Nikkor-M ya milimita 300 yenye f/9 ina gramu 290. Nikkor-W ya milimita 300 hizo hizo yenye f/5.6 ina kilo moja na robo. Tofauti yao ni karibu kilo moja, yaani makasha sita, yaani picha 12. Ukiliona jambo hili kwa hesabu ya picha, si kwa hesabu ya gramu, utajua kwa nini ninalisisitiza.

Halafu uzito huzaa uzito. Lenzi nzito inaining'iniza fremu ya mbele ya kamera nyepesi mpaka inainama kidogo kidogo baada ya wewe kuipanga. Ukitaka itulie unanunua kamera imara zaidi. Kamera imara inadai stendi nene. Stendi nene inadai kijana wa kukubebea. Ninachojiwekea mimi ni hiki: lenzi pamoja na ubao wake wa kuifungia kwenye kamera isizidi uzito wa makasha mawili, au kwa shida sana matatu.

Hatua ya 2: Tembea wiki moja na katoni na uzi

Watu wengi hununua lenzi kwa kusoma orodha. Mimi nakusihi ununue kwa kutembea. Kata dirisha la milimita 96 kwa 120 katikati ya kipande cha katoni. Huo ndio ukubwa wa picha inayobaki kwenye filamu ya inchi 4 kwa 5 baada ya kingo kushikwa na kasha. Toboa tundu chini ya dirisha, funga uzi, na kwenye uzi piga mafundo kwa umbali wa milimita 90, 135, 150, 200 na 300 kutoka kwenye katoni.

Shika fundo chini ya jicho, nyoosha uzi, fumba jicho la pili, tazama dirishani. Unachokiona ndicho lenzi ya urefu huo itakachokiona kwenye filamu yako. Hapa hakuna makadirio: dirisha lina ukubwa wa picha, na uzi una urefu wa fokasi. Katoni yenyewe haina gramu 30.

Pita nayo sehemu unazozipenda. Simama Nyawera utazame majengo ya zamani yenye kona za mviringo na baraza ndefu, yale ya enzi mji ulipoitwa Costermansville. Panda juu utazame paa za mabati zinavyoshuka kwa ngazi hadi majini. Shuka alfajiri ufukweni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wanaporudi, mitumbwi yao mitatu mitatu ikiwa imefungwa pamoja kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma. Kila mara mandhari inapokaa vizuri dirishani, andika fundo lililotumika. Usijidanganye kwa kulazimisha.

Baada ya wiki moja daftari litasema. Langu lilinishangaza, maana nilijiona mtu wa mandhari pana, kumbe mafundo yangu mengi yaliangukia kwenye 135 na 200, machache kwenye 300, na lile la 90 lilitumika karibu tu na kuta na ndani ya miti. Nilikuwa nimebeba lenzi ya 90 kwa miaka miwili kwa sababu kila mtu anasema mpiga picha wa mandhari lazima awe nayo.

Ukishaona hivyo, chagua urefu mmoja uanze nao. Mmoja. Wa pili utakuja baada ya filamu 50.

Hatua ya 3: Pima mvukuto kwa rula

Hatua hii ni fupi lakini imewaumiza wengi. Ili lenzi ya kawaida ione vizuri vitu vya mbali sana, inahitaji kukaa mbali na filamu kwa kiasi cha urefu wake wa fokasi: lenzi ya 300 inataka milimita 300 za mvukuto. Ikitazama kitu cha karibu inataka zaidi. Kwa mtu aliye mita 3 mbele yako, lenzi hiyo inadai milimita 333. Kwa mita 2, 353. Kamera nyingi nyepesi zinaishia hapo hapo kati ya 300 na 350.

Kwa hiyo vuta mvukuto wa kamera yako hadi mwisho, bila kulazimisha, upime kutoka kwenye ubao wa lenzi hadi kwenye kioo cha nyuma. Ukipata 300, acha ndoto ya lenzi ya 300 uchukue ya 240 au 200. Na mvukuto uliovutwa hadi mwisho hugeuka tanga la mashua upepo wa ziwa unapoanza baada ya saa nne asubuhi. Lenzi ndefu zilizoundwa kwa mtindo wa tele zinahitaji mvukuto mfupi kuliko jina lao, na zipo, lakini ni nzito zaidi, na ukiziinamisha zina tabia zake. Kwa mtu anayeanza sizipendekezi.

Mvukuto usibanwe sana pia. Lenzi ya 90 inataka kukaa karibu, na kamera nyingine hazikunjiki vizuri hadi hapo bila ubao maalumu ulioingia ndani. Jaribu kabla ya kununua.

Hatua ya 4: Duara la picha, na ni kiasi gani unakihitaji kweli

Lenzi haichori mstatili. Inachora duara la mwanga, na filamu yako inakaa ndani yake. Ulalo wa filamu ya inchi 4 kwa 5 ni kama milimita 153, kwa hiyo duara dogo kabisa linalofunika pembe zote ni hilo. Lakini sababu ya kubeba kamera hii milimani ni kwamba lenzi yake inapanda, inashuka na kuinama, na kila mwendo unaisogeza filamu kuelekea ukingo wa duara. Ukivuka ukingo, pembe inakuwa nyeusi.

Duara kubwa linagharimu uzito. Hapa ndipo mahali pa kulipa uzito kwa haki, ila lipa kiasi cha kazi yako tu.

Chukua mfano wa jengo refu mjini. Kamera iko sawa, haijainuliwa uso, ili kingo za ukuta zibaki wima, na unapandisha lenzi ili kufikia paa. Picha ikiwa imesimama wima na umepandisha milimita 25, pembe ya filamu inafika umbali wa milimita 98 kutoka katikati ya duara. Maana yake unahitaji duara la 195 hivi. Picha ikiwa imelala na umepandisha 30, hesabu inakupa karibu 197. Kwa hiyo lenzi yenye duara la 200 inakuruhusu kupandisha sentimita mbili na nusu hadi tatu. Kwa majengo ya Bukavu, ambayo mengi ni ya ghorofa mbili tatu, hiyo inatosha kabisa. Nikkor-W ya 135 ina duara la 200 na uzito wa gramu 200. Ile ya 150 ina duara la 210 na gramu 230.

Mfano wa pili ni kuinamisha. Umesimama kwenye shamba la chai au juu ya mawe ya ufukweni, unataka jani lililo miguuni na mlima ulio mbali vyote viwe na ncha kali. Unainamisha lenzi mbele ili bapa la ukali, yaani eneo linalotoka kali kwenye picha, lilale juu ya ardhi. Kwa lenzi ya 150 iliyo mita moja na nusu juu ya ardhi, nyuzi zipatazo 6 zinatosha, na mwinamo huo unakula kama milimita 15 za duara. Kwa lenzi ya 90 kwenye urefu huo huo ni nyuzi tatu na nusu tu, na duara linaliwa kidogo mno. Wengi wanainamisha kupita kiasi, kisha wanailaumu lenzi.

Na mfano wa tatu: uko juu ya kilima, unatazama ziwa chini, hakuna ukuta, hakuna jani la karibu. Hapo huhitaji mwendo wowote. Lenzi ndogo ya zamani kama Schneider Angulon ya 90 yenye f/6.8, ambayo inaenea kiganjani na duara lake linafunika filamu bila akiba, itakupa picha nzuri. Usiichanganye na Super-Angulon, ambayo ni kubwa na ina duara pana zaidi.

Rudi kwenye daftari la katoni ujiulize picha zako zilikuwa za mfano upi. Aliye na majengo na miti mirefu ya msitu wa Kahuzi anunue duara. Aliye na vilima na ziwa asilinunue.

Hatua ya 5: Kubali giza chini ya shuka

Hili ndilo jambo ninalotaka ulielewe kuliko mengine yote. Kwa kamera hii, picha unaipiga kwa f/22 karibu kila mara, pengine f/32, kwa sababu lenzi za urefu huu zina kina kifupi cha ukali. Kwa f/22, lenzi iliyoanzia f/5.6 na ile iliyoanzia f/9 zinapitisha mwanga ule ule, na kwenye filamu huwezi kuzitofautisha kwa ukali wa katikati. Ile f/5.6 uliyoibeba imekusaidia kwa dakika tatu tu, ulipokuwa chini ya shuka ukitafuta ncha kali kwenye kioo.

Dakika tatu hizo zina thamani, sikatai. F/8 inatoa nusu ya mwanga wa f/5.6, na f/9 inatoa kama sehemu mbili kati ya tano, yaani kioo kina giza mara mbili na nusu. Ila giza la kioo linashindwa kwa ustadi, ilhali kilo moja mgongoni haishindwi kwa lolote.

Shona shuka zito, jeusi ndani na jeupe nje, refu kiasi cha kufungika chini ya kidevu. Shuka jepesi linalopitisha jua ndilo adui kuliko f/9. Ingia chini yake ukae dakika mbili bila kugusa kitu, macho yazoee. Tafuta ncha kali kwenye mpaka wa mwanga na kivuli: ukingo wa bati, shina lililopigwa na jua, mstari wa maji. Tumia kioo cha kukuzia kilichobanwa juu ya kioo cha nyuma. Ndani ya miti, ambako hakuna mpaka wowote, weka tochi ndogo iliyowashwa kwenye shina unalolitaka, pata ncha kali ya taa yake, kisha rudi ukaitoe. Na fika mapema. Kwa picha ya alfajiri, panga kamera jioni ya jana ukaijue nafasi, uweke alama kwa jiwe.

Mahali pamoja ninapokubali uzito wa tundu kubwa ni kwa lenzi pana ya 90 kwa mtu anayefanya kazi ndani ya msitu. Lenzi pana inatia giza pembe za kioo, na chini ya mianzi ya milimani pembe hizo hazionekani kabisa. Nikkor-SW ya 90 yenye f/8 ina gramu 360. Ndugu yake yenye f/4.5 ina gramu 600, na duara lao ni sawa, 235. Anayeishi msituni achukue ya pili. Sisi wengine ya kwanza inatosha, na unapotazama pembe sogeza kichwa kando ili jicho lifuate njia ya mwanga kutoka kwenye lenzi, pembe zitang'aa.

Hatua ya 6: Majina ya kutafuta sokoni

Karibu zote hizi ni za mtumba.

Kati ya 135 na 150, chochote cha f/5.6 kutoka kwa Nikon, Fuji, Schneider au Rodenstock tayari ni chepesi. Hapa huna haja ya kuhangaika. Kwa 180 kuna Fujinon-A ya f/9, gramu 170 tu. Kwa 200 kuna Nikkor-M ya f/8, gramu 180, duara la 210. Hii ndiyo lenzi yangu sasa, na kama ningelazimika kubaki na moja maishani ningebaki na hiyo: inatoshea mfuko wa koti, inachukua sura ya mtu bila kuipotosha, na inavuta kilima cha ng'ambo kidogo bila kukikata kutoka kwenye mahali pake. Linganisha na Nikkor-W ya 210 yenye f/5.6, gramu 460. Kodak Ektar ya 203 yenye f/7.7 ni ya zamani zaidi na ni ndogo pia. Kioo chake kinapendwa kwa haki, ila shata yake, kile kifaa cha kufungua na kufunga mwanga, imezeeka.

Kwa 240 kuna Fujinon-A ya f/9, gramu 245, yenye duara kubwa la 336. Kwa 300, Nikkor-M niliyoitaja, au Fujinon-C ya f/8.5. Pia zipo Schneider G-Claron za f/9, kuanzia 150 hadi 355, zilizoundwa kwa kazi ya kunakili michoro kwa karibu. Ukizibana tundu hadi f/22 zinaona mbali vizuri sana, na wauzaji wengi huzishusha bei kwa kuwa hawalijui hilo.

Neno moja kwa wenzangu wa hapa. Kampuni ya Yamasaki ya Japani ilitengeneza lenzi zilizoandikwa Congo kwenye pete ya mbele. Za f/6.3 ni rahisi, nyepesi, zenye vioo vinne. Niliposhika moja kwa mara ya kwanza nilitulia kimya kuisoma pete ile. Si kali kama Nikkor kwenye pembe, lakini kwa f/22 inafanya kazi ya heshima.

Hatua ya 7: Shata, ubao na filta

Lenzi nyingi za miaka ya karibuni zimekaa kwenye shata za Copal za ukubwa tatu: namba 0, namba 1 na namba 3. Tundu la ubao kwa namba 0 ni milimita 35 hivi, kwa namba 1 ni 42, kwa namba 3 ni 65. Kimbia namba 3 ukitaka wepesi. Chuma chake peke yake ni mzigo. Hakikisha muuzaji ametaja namba, maana ubao wenye tundu kubwa kuliko shata haufai tena kwa shata hiyo.

Kamera nyingi za kukunja zinapokea ubao wa Linhof Technika, wa milimita 96 kwa 99. Fundi seremala mzuri anaweza kukutengenezea kwa mbao nyembamba ngumu, mradi umpe ubao halisi wa kuiga na ung'ang'anie ukingo usiopitisha mwanga. Paka rangi nyeusi isiyong'aa upande wa ndani.

Filta ni uzito uliofichika. Nikkor-W ya 135 na ya 150, Nikkor-M ya 200 na ya 300, Fujinon-A ya 240, zote zinavaa filta ya milimita 52. Ya njano moja na ya rangi ya chungwa moja zinahudumia zote. Filta ya chungwa ni muhimu kwetu wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, ukungu wa vumbi na moshi unapozificha ng'ambo za ziwa. Inapunguza ukungu, haiufuti. Miezi hiyo lenzi ya 300 mimi huiacha.

Hatua ya 8: Kagua kabla pesa haijatoka mkononi

Lenzi itakufikia mikononi mwa msafiri, na kuirudisha ni safari nyingine. Kwa hiyo omba picha na video kabla.

Omba muuzaji apige tochi kupitia nyuma ya lenzi. Unatafuta nyuzi nyeupe zenye matawi kama utando: hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wa Bukavu itakua, usinunue hata kwa bei ya bure. Ukungu laini ulioenea sawasawa unaweza kusafishwa na fundi. Vidoa vyeupe pembeni ndani ya lenzi za Schneider ni rangi nyeusi ya ukingo iliyobanduka, havidhuru picha, na ni sababu nzuri ya kuomba punguzo. Mkwaruzo mmoja mbele hauonekani kwenye filamu. Kioo cha nyuma kilichokwaruzwa ndicho cha kuogopa.

Omba video ya shata ikifyatuliwa kwa sekunde 1, nusu, robo, na kuendelea. Sauti ya sekunde 1 ina milio miwili. Pima nafasi kati yake kwenye programu yoyote ya kukata sauti. Usihangaike na mwendo wa 1/400. Kwa filamu ya ISO 100, jua kali na f/22 vinakupa kama 1/50, na kwa filta ya chungwa utashuka hadi 1/15 au chini. Miendo ya polepole ndiyo chakula chetu, nayo ndiyo inayochoka kwanza mafuta yanapoganda.

Mwishoni uliza kama kati ya kioo cha mbele na shata kuna vipete vyembamba vya chuma. Vikiwepo visipotee, viliwekwa kiwandani kupanga umbali sahihi kati ya vioo.

Hatua ya 9: Jaribu, kisha itunze

Ikifika, ifunge kwenye kamera, bana hadi f/22, pandisha lenzi pole pole, na tazama kupitia pembe iliyokatwa ya kioo cha kutazamia. Ukiona tundu la lenzi likiwa duara kamili, pembe hiyo inapata mwanga. Likianza kuwa kama jicho la paka, umefika mpakani. Soma umepandisha milimita ngapi, andika namba hiyo kwa kalamu nyuma ya ubao. Hutaikumbuka juu ya kilima.

Ihifadhi kwenye bati linalofunga vizuri pamoja na kifuko cha silika, na kila baada ya wiki chache kausha silika hiyo kwenye kikaango cha moto mdogo. Usiiweke kwenye mfuko wa ngozi. Ngozi hunywa unyevu na kuvu hupenda ngozi.

Ukienda nayo mjini, beba barua ya ruhusa, usielekeze kamera kwenye daraja la Ruzizi, mpaka, wala askari, na msalimu mwenye uwanja kabla ya kufungua stendi. Watoto watakuzunguka. Mwite mmoja mmoja chini ya shuka, aone ziwa likiwa juu na mbingu chini, halafu mwombe akae kando ya kamera mpaka mlio wa shata uishe. Kwa sekunde moja kamili ya f/22, mtoto aliyekwisha kuona kioo hutulia kuliko mtu mzima. Picha yangu ya kwanza kwa lenzi ya 200 ni ya watoto wanne wa namna hiyo, Idjwi nyuma yao, asubuhi baada ya mvua, na nilikuwa na makasha saba begini.